Saumu ya Mwenye Maradhi ya Sukari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuwekea sheria nyepesi wala hakutukalifisha tusiloliweza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika masuali tuulizwayo baada ya darasa, hapana lirudiwalo mara nyingi kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani kuliko hili: mtu mwenye maradhi ya sukari, afunge au asifunge? Wengine huuliza kwa ajili ya nafsi zao, na wengine kwa ajili ya baba au mama aliyekataa katakata kula mchana, ijapokuwa daktari amemkataza kufunga. Kwa muda mrefu tulikuwa tukilijibu suali hili kwa maneno mawili matatu, tumesimama mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi. Leo twayaonea haya majibu yale. Sababu yake tutaieleza, maana si uungwana kuwanasihi watu katika jambo tulilolikosea sisi wenyewe, kisha tukalificha kosa letu.

Alikuwako mtaani kwetu mzee mmoja, mshona kofia, mtu asiyekosa safu ya kwanza. Alikuwa na maradhi ya sukari kwa miaka mingi, na kila siku akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni. Katika mwezi wa Shaabani alimwuliza mmoja wetu juu ya saumu yake, akajibiwa: "Funga, mzee wangu, saumu ni siha." Hakuulizwa atumia dawa gani, wala kama amepata kuzimia, wala daktari amemwambia nini. Basi akafunga. Kidonge cha asubuhi akakihamishia wakati wa daku kwa rai yake mwenyewe, kipimo kile kile. Siku ya tisa, baada ya Adhuhuri, alijinyoosha kwenye baraza ya msikiti karibu na nguzo. Tulimwona akitoka jasho, tukasema ni joto. Mwenzetu mmoja alimfunika uso kwa kikoi ili nzi wasimsumbue, tukamwacha alale. Ilipoadhiniwa Alasiri hakuinuka. Alipopimwa hospitalini sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Aliishi siku mbili bila ya kusema neno, kisha akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Matangani tulisema yale yasemwayo: kwamba amebahatika, amekufa na saumu yake. Binti yake alitusikia. Baada ya siku arubaini alimtuma nduguye kwetu na suali moja tu: "Lau baba angalikula mchana, mngalimsemaje?" Hatukuwa na jawabu ambalo lingaliweza kusemwa mbele ya watu.

Kwanza yafaa tuyajue maradhi yenyewe, kwa kuwa hukumu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe. Chakula tulacho, na hasa wali, mkate, muhogo na vitu vitamu, hugeuka sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie katika viungo na kuwa nguvu, yahitaji kitu kitokacho katika kongosho, nacho huitwa insulini. Katika namna ya kwanza ya maradhi haya, ambayo aghalabu huwapata watoto na vijana, kongosho huacha kabisa kutoa insulini. Katika namna ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, insulini huwako lakini haitoshi, au mwili hauitii. Maradhi haya si mageni kwa Waislamu. Ibn Sina aliyaeleza katika kitabu chake cha Kanuni, na Abdul-Latif wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1231, aliyaandikia risala. Walakini hao wote hawakuwa na dawa ya kumwokoa mtoto mwenye namna ya kwanza. Dawa hiyo haikupatikana mpaka Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Canada, alipodungwa insulini kijana wa miaka 14 aliyekuwa amekonda kwa maradhi na kwa kunyimwa chakula, maana kunyimwa chakula ndiko kulikokuwa matibabu ya zama zile. Waliovumbua dawa hiyo walikiuzia chuo kikuu cha mji huo haki yao kwa dola 1 kila mmoja, kwa kuwa hawakupenda roho za watu ziwe bidhaa. Tungependa wale wauzao insulini kwa bei isiyofikiwa na mchukuzi wa bandarini walikumbuke jambo hili, lakini hilo ni la siku nyingine.

Sasa tazama hali ya mtu afungapo. Mwenye siha akikaa saa nyingi bila ya kula, ini lake hutoa sukari kutoka akibani, na kongosho hupunguza insulini, basi mizani hukaa sawa. Mgonjwa wa sukari hana mizani hiyo. Akiwa atumia vidonge kama glibenklamaidi, kidonge hicho hukihimiza kongosho kutoa insulini, mtu amekula au hakula. Kidonge hakijui kuwa leo ni Ramadhani. Akikimeza daku kwa kipimo cha siku ya kula, sukari yaweza kushuka mchana: atatoka jasho, atatetemeka, moyo utakwenda mbio, maneno yatachanganyika, kisha usingizi usiokuwa usingizi. Hilo ndilo lililompata mshona kofia, nasi tukamfunika uso. Dawa nyingine, kama metformini ikiwa peke yake, ni nadra kuleta shida hiyo. Na kwa upande wa pili, mwenye namna ya kwanza akiiacha insulini yake kwa kudhani kwamba asiyekula haihitaji, sukari hupanda juu, damu ikaingia asidi, akatapika, akahema kwa kasi, naye yumo katika hatari ya kufa hata kama hakuonja chakula. Basi wamekosea wote wawili: anayesema dawa ni ile ile, na anayesema saumu ndiyo dawa.

Na hapa yatupasa tuseme neno juu ya lile jawabu la mwenzetu. Maneno hayo, kwamba mtu afunge apate siha, huhadithiwa sana katika mimbari zetu kuwa ni ya Mtume (S.A.W.), na wanavyuoni wa Hadithi wamesema kuwa isnadi yake ni dhaifu. Sisi hatukatai kuwa saumu ina faida kwa mwili wa mwenye afya, na hata kwa baadhi ya wagonjwa. Tulikatazalo ni kuichukua Hadithi dhaifu tukamtolea kwayo fatwa mtu ambaye aya ya Qurani imemtaja waziwazi na kumtoa katika faradhi ya siku ile.

Kwani Mwenyezi Mungu, katika aya ya 184 na ya 185 za Suratul-Baqara, hapo hapo alipofaradhisha saumu, amemwondoa mgonjwa na msafiri, akawapa siku nyingine badala yake. Hakungoja mpaka watu walalamike ndipo akateremsha wepesi. Amri na ruhusa zimeshuka pamoja. Na katika aya ya 29 ya Suratun-Nisaa amekataza mtu kuiua nafsi yake. Amr bin Al-As (R.A.) aliifahamu aya hii katika safari ya vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra. Aliamka na janaba katika usiku wa baridi kali, akachelea kufa akioga, akatayamamu akaswalisha watu. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza, aliitaja aya hiyo kuwa ndiyo hoja yake, na Mtume akacheka wala hakumkemea. Angalia kuwa Amr hakungoja afe ndipo ajue kuwa angalikufa. Dhana yenye nguvu ilimtosha.

Lakini kisa kitutiacho hofu zaidi, sisi tunaoulizwa, ni kile alichokipokea Jabir (R.A.) nacho kimo katika Sunan ya Abu Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akaota akajitokwa na manii, akawauliza wenziwe: je, anayo ruhusa ya kutayamamu? Wakamwambia kuwa hawamwonei ruhusa madamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakusema kuwa mtu yule ni shahidi wa tohara, wala hakuwasifu wenziwe kwa kushika dini barabara. Alisema kuwa wamemwua, akawaapiza, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza.

Msomaji wetu, soma kisa hicho mara ya pili. Watu wale hawakuwa wazushi. Hawakumwambia mwenzao avunje sheria. Walimwambia ashike lililo zito. Walikuwa na dalili mkononi: maji yalikuwapo. Wala hawakumchukia, walikuwa wenziwe wa safari. Pamoja na hayo yote damu yake ilihesabiwa juu yao. Wengi wetu twadhani kuwa anayekosea kwa kukaza yu salama kuliko anayekosea kwa kulegeza, na kwamba mtu akimwambia mgonjwa "funga", hata likitokea la kutokea, yeye ameamrisha heri. Hadithi hii yatuonyesha kuwa sivyo. Tangu siku ya suali la yule binti, mmoja wetu hakupata kuisomesha Hadithi hii darasani. Huipitisha kwa mwenziwe.

Madhehebu yetu ya Shafii hayana shaka katika jambo hili. Mgonjwa anayechelea kudhurika yaruhusiwa kwake kula, na akichelea kufa kwa saumu, basi kula ni wajibu na kufunga ni haramu. Hapana mwanachuoni aliyesema kuwa mtu huyo ana thawabu zaidi akivumilia.

Nani basi atakayesema kuwa huyu atadhurika na huyu hatadhurika? Hapa ndipo penye fujo. Shehe humwambia mgonjwa, "Mwulize daktari wako," na daktari humwambia, "Mwulize shehe wako," na mgonjwa hubaki katikati, akafanya alionalo jirani yake. Wengine husema kuwa daktari asiyekuwa Mwislamu haaminiki katika jambo la ibada. Ni kweli kwamba baadhi ya vitabu vya fikihi vimeshurutisha tabibu Mwislamu mwadilifu, na makusudio yao yalikuwa kupata habari ya kuaminika. Lakini Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika safari ya Hijra, alimwajiri Abdullah bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, naye alikuwa bado mshirikina. Ibnul-Qayyim ametolea hoja kisa hicho kuwa yafaa kutegemea kauli ya asiyekuwa Mwislamu katika tiba na mfano wake akiwa mjuzi na mwaminifu, kwani hapana hatari kubwa kuliko ya mtu kukabidhi njia yake usiku ule. Daktari akujuaye miaka kumi, aliyeyaona macho yako na figo zako, ni shahidi. Dini yake si udhuru wa kuukataa ushahidi wake.

Walakini nao madaktari tunalo la kuwaambia. Wako wamwambiao mgonjwa "usifunge" kama wamwambiavyo asivute sigara, bila ya kueleza, bila ya kuuliza moyo wake wataka nini. Mgonjwa huitikia, akatoka, akafunga kwa siri, na dawa akaipunguza au akaihamisha atakavyo. Si dhana yetu tu. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ilionekana kuwa katika kila wagonjwa 100 wa namna ya pili, 79 walifunga si pungufu ya siku 15. Na katika wale wa namna ya kwanza, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, walifunga karibu 43. Na katika mwezi huo, kushuka kwa sukari kwa kiasi cha kulazwa hospitalini kulizidi karibu mara 5 kwa wa namna ya kwanza na zaidi ya mara 7 kwa wa namna ya pili. Basi daktari asiyeitaja Ramadhani hakuizuia saumu. Amezuia kuulizwa tu. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa ukweli wa hatari yake kwa lugha anayoifahamu, na akishaazimia jambo, ana haki ya kusaidiwa bila ya kutukanwa.

Alhamdulillahi, wanavyuoni na matabibu wamekwisha kukaa pamoja. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao cha Sharjah mwaka 2009, iliyasikiliza maelezo ya matabibu, na wagonjwa wakagawanywa mafungu manne kwa kadiri ya hatari. Mafungu mawili ya kwanza, yenye hatari kubwa na kubwa mno, hukumu yao ni kuwa si halali kwao kufunga. Mafungu mawili ya mwisho, yenye hatari ya wastani na ndogo, hawana ruhusa ya kula kwa jina la sukari peke yake, ila tabibu akiona jambo jingine katika hali ya mtu. Katika fungu la hatari kubwa mno wamo aliyepata kuzimia kwa kushuka sukari, au aliyelazwa kwa damu kuingia asidi, ndani ya miezi 3 kabla ya Ramadhani. Mwenye namna ya kwanza ambaye sukari yake haijatulia. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa ajili ya figo. Na mwenye mimba aliye katika insulini. Baadaye, mwaka 2016, na tena kwa marekebisho mwaka 2021, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limetoa mwongozo kamili pamoja na wanavyuoni, na daktari yeyote aweza kuupata akitaka.

Tulichokipenda zaidi katika mwongozo huo ni kuwa hawakungoja mwezi uandame. Wamesema mgonjwa amwone tabibu wake wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani. Kwa hesabu yetu hiyo ni Rajabu, na Rajabu sisi huishughulikia kwa sherehe nyingi. Laiti kila mwenye maradhi haya angalikwenda zahanati kabla ya usiku wa Miraji, akaambiwa yumo katika fungu gani, na kidonge kipi kihamie magharibi, na kipi kipunguzwe. Si kazi ya mtu kujikatia kidonge mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

Liko pia jambo la kupima. Kuna watu waogopao kuchoma kidole mchana wakidhani kuwa tone la damu lavunja saumu. Halivunji. Majmaa hiyo hiyo, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, ilieleza kuwa kutoa damu kwa ajili ya uchunguzi hakuharibu saumu, wala sindano ya dawa iingiayo katika ngozi au nyama, isipokuwa zile za kumlisha mgonjwa. Basi insulini yadungwa, na saumu iko pale pale. Mwenye kufunga kwa ruhusa ya tabibu na apime asubuhi, na mchana, na kabla ya kufuturu, na kila ajionapo hana raha. Akiona sukari iko chini ya 3.9, au imepita 16.6 kwa kipimo kitumikacho katika hospitali zetu, saumu ya siku ile imekwisha. Afungue papo hapo, hata kama imebaki robo saa azana ya Magharibi iadhiniwe. Twalitilia mkazo neno hili la robo saa, kwa sababu hapo ndipo watu husema, "Nimevumilia yote, nishindwe na hili dogo?"

Vitabu vingi vya mafunzo haya vimeandikwa Ulaya na Uarabuni, navyo humshauri asiyeweza kufunga Ramadhani ya kiangazi alipe katika siku fupi za baridi. Ni shauri jema kwa aliyeko London, ambako jua hukaa zaidi ya saa 16 katika Juni na hata saa 8 halitimii katika Desemba. Lakini Mombasa iko karibu na mstari wa ikweta, na tofauti ya siku yetu ndefu na siku yetu fupi haizidi kiasi cha nusu saa. Saumu yetu ni karibu saa 13 na nusu mwaka mzima. Aliyeshindwa nayo Ramadhani hana siku fupi ya kuikimbilia. Huyo, ikiwa tabibu haoni tamaa ya hali yake kubadilika, si wa kulipa. Ni wa kutoa fidia, nayo ni mudi mmoja wa chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa. Na ambaye tabibu amesema hali yake yaweza kutulia, alipe siku zake polepole, moja leo na moja wiki ijayo, akipima. Twawajua kina mama walioweka deni la siku mia na zaidi mioyoni mwao, wakilia usiku, na hapana aliyewaambia kuwa lao lilikuwa kibaba cha mchele.

Sasa turudi kwa suali la yule binti, maana yote hayo hayakulijibu.

Mgonjwa wetu hazuiliwi na fikihi. Azuiliwa na macho ya watu. Katika mji wa Kiislamu, mtu mzima kuonekana ana gilasi ya maji mchana wa Ramadhani ni aibu ifuatayo jina lake mpaka kaburini. Yuko mwanamke ajifungiaye chooni ili ameze kidonge, asionekane na wakaza wanawe. Yuko mwalimu wa chuo ambaye huona bora azimie kuliko wanafunzi wamwone akila tende. Je, haya hii imetoka wapi? Mwaka wa kuifungua Makka, mwezi wa Ramadhani, Mtume (S.A.W.) alitoka na watu wamefunga mpaka Kuraa al-Ghamim. Akaambiwa kuwa saumu imewataabisha watu, nao watazama atafanya nini. Akaitisha bilauri ya maji baada ya Alasiri, akaiinua mpaka watu wote wakaiona, kisha akanywa. Hakunywa hemani. Alipoambiwa baadaye kuwa baadhi ya watu wameendelea kufunga, aliwaita waasi. Hadithi hii imepokewa na Muslim. Sisi hatusemi kuwa mgonjwa aende akale sokoni, kwa kuwa kuuheshimu mwezi na kujiepusha na tuhuma ni katika adabu. Twasema kuwa katika nyumba yake, mbele ya wanawe na wajukuu wake, ale ameketi, kwa bismillahi, wala asiulizwe. Na vijana wenye nguvu wajitiao vidonda vya tumbo kila ifikapo Ramadhani ili wapate kula vibandani, hao wana hesabu yao. Udanganyifu wao usifanywe sababu ya kumtilia shaka mama mzee.

Tunalo pia la wale wauzao maji ya kombe, na hirizi, na unga wa mizizi usiojulikana, wakamwambia mgonjwa aache insulini kwa kuwa "imani yake ni ndogo." Dua ni ibada, na kumsomea mgonjwa ni sunna. Kumwachisha dawa yake si sunna wala si dua. Aliyefanya hivyo na ajisomee kisa cha Jabir tulichokitaja.

Na wale waliopewa ruhusa ya kufunga, vyakula vyao navyo vyahitaji kutazamwa. Watu wengi wa kwetu hula daku saa sita ya usiku wakalala, basi saumu yao ikawa saa 18 badala ya 13, na ilhali Mtume (S.A.W.) amehimiza daku icheleweshwe na kufuturu kuharakishwe. Sunna hii, lau ingalishikwa, ingaliwafaa wenye sukari kabla ya dawa nyingi. Kisha jua likitua tunafanya nini? Sharubati, kaimati za shira, tambi za sukari, mahamri, muhogo wa nazi, na baada ya Tarawehe tena tunaanza. Tende moja mpaka tatu zamtosha mgonjwa, kisha maji, kisha chakula cha kawaida chenye mboga na samaki. Mke amwekeaye mumewe kaimati mbele, kisha akamkataza kwa maneno, amemtia mtihanini bure, sahani isiletwe.

Insulini nayo haipendi joto letu. Asiye na jokofu na aiweke ile anayoitumia ndani ya chombo kikavu, ndani ya mtungi wa udongo uliotiwa maji kidogo, pahali penye upepo na kivuli. Wazee wetu walipozea maji hivyo. Wala asichangie mtu na mwenziwe sindano, ya kudunga dawa wala ya kuchomea kidole, hata wakiwa mume na mke.

Kila Jumamosi ya mwezi wa Rajabu, baada ya Isha, darasa letu litakuwa wazi kwa jambo hili, na daktari mmoja amekubali kuketi nasi. Kila ajaye aje na dawa zake zote katika paketi zake, si majina kwa kichwa. Wanawake wana mlango wao wa nyuma. Mashine ya kupimia imo kabatini pamoja na vijikaratasi vyake. Ameitoa wakfu binti wa mshona kofia, naye ndiye atakayewapima kina mama.